Vitenganishi vya Mafuta na Maji: Kila Aina Huzuia Nini na Huachia Nini

Maji yanayotoka katika gereji, kituo cha mafuta, karakana, kiwanda au ngama ya meli hayapaswi kuingia mtaroni, mtoni au baharini kabla ya kuondolewa mafuta. Kifaa kinachofanya kazi hiyo huitwa kitenganishi cha mafuta na maji. Kwa mhandisi, kifaa hicho ni suala la vipimo vya mabomba na ujazo wa tangi. Kwa mhudumu wa afya na kwa mwananchi anayeishi jirani, suala ni jingine: kitenganishi ni kizuizi kati ya kemikali za petroli na kisima cha kaya, na wakati huohuo ni shimo ambalo binadamu hushuka ndani yake ili kulisafisha.

Watu wengi huamini kwamba maji yakishapita katika kitenganishi na kutoka yakiwa maangavu, bila utando wa rangirangi juu yake, basi maji hayo ni salama. Imani hiyo si sahihi. Kila aina ya kitenganishi ina ukubwa wa tone la mafuta ambao chini yake haina uwezo tena, na aina nyingi hazigusi kabisa kemikali zilizokwisha kuyeyuka. Makala haya yanalinganisha aina kuu za vitenganishi vinavyotumika viwandani, yanaeleza kile ambacho kila aina huachia kipite, na yanabainisha maswali ambayo mhudumu wa afya anapaswa kumuuliza mgonjwa anayefanya kazi au kuishi karibu na vifaa hivyo.

Sura nne za mafuta ndani ya maji

Ili kulinganisha vitenganishi kwa haki, ni lazima kwanza ieleweke kwamba mafuta hayakai ndani ya maji kwa namna moja.

Sura ya kwanza ni mafuta huru. Haya ni matone makubwa, kwa kawaida yenye kipenyo cha mikromita 150 na zaidi, ambayo hupanda juu yenyewe na kufanya tabaka linaloonekana kwa macho. Mikromita moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita.

Sura ya pili ni mafuta yaliyotawanyika. Maji machafu yanapopita katika pampu au yanaporuka kutoka kwenye mpira wenye shinikizo kubwa, matone makubwa hupasuliwa na kuwa madogo, kati ya mikromita 20 na 150 hivi. Matone hayo bado hupanda, lakini polepole.

Sura ya tatu ni emulsheni, yaani mafuta yaliyovunjwavunjwa kuwa matone madogo sana na kufungwa humo na sabuni au kitu chenye tabia ya sabuni. Kila mpishi wa pwani anaifahamu hali hii bila kuijua kwa jina. Tui la nazi ni mafuta ya nazi yaliyotawanyika ndani ya maji, na ni protini za nazi zinazoyazuia yasiungane. Tui likichemshwa bila kukorogwa hukatika, mafuta yakajitenga na maji. Mpishi hukoroga ili tui lisikatike. Mwenye kitenganishi hutaka kinyume chake, yaani mchanganyiko wake ukatike upesi iwezekanavyo.

Sura ya nne ni mafuta yaliyoyeyuka. Hapa hakuna tone tena. Baadhi ya kemikali zilizomo katika petroli, hususan benzini na toluini, huyeyuka katika maji kama sukari inavyoyeyuka katika chai, na sukari iliyokwisha kuyeyuka haienguliwi kwa kijiko. Benzini inayozungumziwa hapa si petroli yenyewe, bali ni kemikali mojawapo iliyomo ndani yake. Ikiwa peke yake, takriban gramu 1.8 za benzini huweza kuyeyuka katika lita moja ya maji. Maji yaliyokaa pamoja na petroli ya kawaida hubeba kiasi kidogo kuliko hicho, lakini bado huweza kuwa na miligramu kadhaa, hata makumi ya miligramu, kwa kila lita.

Kanuni inayotawala

Mwaka 1851, mwanahisabati George Gabriel Stokes wa Cambridge, Uingereza, alichapisha kazi iliyokuja kuwa msingi wa vitenganishi vingi. Kwa lugha nyepesi, kanuni yake inasema kwamba kasi ya tone kupanda au kuzama hutegemea mambo matatu: ukubwa wa tone, tofauti ya uzito kati ya mafuta na maji, na wepesi au uzito wa mtiririko wa maji yenyewe. Kati ya hayo, ukubwa wa tone ndio wenye nguvu zaidi, kwa kuwa kipenyo kikipungua mara mbili kasi hupungua mara nne, na kipenyo kikipungua mara kumi kasi hupungua mara mia.

Hesabu ya mfano inadhihirisha uzito wa jambo hili. Chukua mafuta mepesi ambayo lita yake moja ina gramu 850, katika maji ya nyuzi 20 za Selsiasi yaliyotulia. Tone la mikromita 150 hupanda kimo cha mita moja kwa takriban dakika 9. Tone la mikromita 60 huhitaji karibu saa nzima. Tone la mikromita 20 huhitaji saa 8 na nusu, na tone la mikromita 10 huhitaji zaidi ya saa 30. Hakuna gereji wala kiwanda kinachoweza kuyatuliza maji yake kwa muda huo. Kwa hiyo aina zote za vitenganishi, kwa kiasi kikubwa, ni njia mbalimbali za kulikwepa tatizo moja: tone dogo halina haraka.

Aina kuu za vitenganishi

1. Tangi la kutuliza

Aina kongwe na rahisi kuliko zote ni tangi refu ambalo maji hupita ndani yake taratibu. Mafuta hupanda juu na kuenguliwa, mchanga na tope huzama chini, na maji hutokea katikati kwa kupita chini ya ukuta unaoyazuia mafuta. Katika viwanda vya kusafisha mafuta ghafi, tangi hili hujulikana kwa herufi API, za Taasisi ya Petroli ya Marekani iliyoweka kanuni za usanifu wake. Chemba tatu zinazofuatana ambazo huchimbwa katika vituo vya mafuta na gereji hufuata wazo hilohilo.

Ubora wake ni kwamba halina kitu cha kuharibika kirahisi, halihitaji umeme mwingi, na hustahimili tope na madonge ya mafuta yanayokuja kwa ghafla. Udhaifu wake ni kwamba limesanifiwa kukamata matone ya mikromita 150 na zaidi. Maji yanayotoka humo kwa kawaida huwa bado na makumi ya miligramu za mafuta kwa lita, na mara nyingine huzidi mia. Kwa hiyo ni hatua ya kwanza ya usafishaji, si ya mwisho. Aidha, tangi lililo wazi huachia mvuke wa petroli hewani. Ndiyo maana mwaka 1990 Marekani ilitoa kanuni za taka zenye benzini, ambazo huvitaka viwanda vinavyohusika kuvifunika vitenganishi vyao na kuudhibiti mvuke wake.

2. Kitenganishi cha mabamba

Mwaka 1904 mhandisi Mmarekani Allen Hazen alionesha kwamba katika kutuliza maji, jambo la msingi ni eneo la uso wa tangi kuliko kina chake. Wazo hilo lilifungua njia ya kupanga mabamba mengi yaliyoinama ndani ya tangi dogo, yakiachana kwa sentimita chache tu. Mengine huwa na mikunjo kama bati la paa. Tone halihitaji tena kupanda mita nzima. Likipanda sentimita 2 tu hugusa bamba la juu yake, huungana na matone mengine, kisha huteleza kuelekea juu likiwa tone kubwa. Kwa mafuta yale ya mfano, tone la mikromita 60 huvuka sentimita 2 kwa muda unaozidi dakika moja kidogo, na tone la mikromita 20 kwa dakika 10.

Katika baadhi ya vifaa, mabamba au nyuzi hutengenezwa kwa plastiki inayovutia mafuta ili matone yashikamane nayo na kuungana haraka. Hizo ndizo aina zinazofaa zaidi kwa vituo vya mafuta na karakana. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 858 huzigawa katika madaraja mawili: daraja la kwanza ni la vifaa ambavyo, katika majaribio, huachia mafuta yasiyozidi miligramu 5 kwa lita, na daraja la pili ni la vile visivyozidi miligramu 100. Muuzaji anaposema kwamba kifaa chake ni cha miligramu 5, ikumbukwe kwamba nambari hiyo ilipatikana kwa maji safi yaliyochanganywa na mafuta mepesi. Maji ya gereji yenye sabuni, mchanga na mafuta machakavu ya injini ni kitu kingine.

Udhaifu wa mabamba ni kuziba. Nafasi ndogo inayoyapa nguvu ndiyo hiyohiyo inayokamata tope.

3. Kuelesha kwa viputo vya hewa

Katika aina hii, hewa huyeyushwa ndani ya maji kwa shinikizo, kisha shinikizo huachiwa ghafla, kama inavyotokea soda inapofunguliwa. Viputo vidogo mno, vya takriban mikromita 30 hadi 100, hutokea kila mahali ndani ya tangi, hujishika kwenye matone na chembe, na kuvibeba juu kama povu linaloenguliwa.

Nguvu kubwa ya njia hii huonekana inapotanguliwa na kemikali za kugandisha, kwa mfano shabu, ileile ambayo kaya nyingi huitumia kutuliza maji ya mto. Shabu hudhoofisha kani inayoyafanya matone yasukumane, yakaungana kuwa mabonge. Kwa msaada huo, hata sehemu kubwa ya emulsheni huweza kuondolewa. Gharama yake ni umeme, mtaalamu wa kupima dozi ya kemikali, na tope jingi ambalo lenyewe ni taka hatarishi. Vilevile, viputo vinavyopanda huondoka na mvuke wa kemikali nyepesi, na wafanyakazi walio kando ya tangi lisilofunikwa huuvuta mvuke huo.

4. Vitenganishi vya mzunguko

Wahudumu wa maabara wanaijua mashine inayozungusha sampuli ya damu hadi chembe zikajitenga na utegili. Msingi ni uleule: mzunguko wa kasi huongeza mvutano mara nyingi, hivyo tofauti ndogo ya uzito huonekana haraka. Mwaka 1878, Gustaf de Laval wa Sweden alitengeneza mashine ya mzunguko ya kutenga krimu na maziwa, na vizazi vya mashine hiyo leo husafisha mafuta katika meli na mitambo ya umeme.

Ndugu yake asiye na sehemu inayozunguka ni haidrosaikloni: bomba jembamba lenye umbo la pia, ambamo maji huingizwa kwa shinikizo kutoka ubavuni na kujizungusha yenyewe. Utafiti wa kuitumia kutenga mafuta na maji ulifanyika Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, katika miaka ya 1970 na 1980, na sasa hutumika sana katika majukwaa ya kuchimba mafuta baharini kwa kuwa ni ndogo na haisumbuliwi na mawimbi. Hukamata matone hadi mikromita 10 au 15. Hata hivyo, huhitaji mtiririko wa shinikizo lisiloyumba, na pampu isiyofaa inayotangulia huweza kuyapasua matone yaleyale ambayo kifaa kinatakiwa kuyakamata.

5. Utando na mkaa maalumu

Chujio la utando lina vitundu vidogo kuliko bakteria, na huzuia hata emulsheni iliyofungwa kwa sabuni. Udhaifu wake ni kwamba mafuta huuziba utando, hivyo huoshwa mara kwa mara na hauwezi kupokea maji machafu moja kwa moja. Pamoja na udogo wa vitundu hivyo, benzini iliyoyeyuka hupita. Ili kuipunguza, maji hupitishwa katika mkaa maalumu wenye vinyweleo vingi unaonyonya kemikali, au katika matangi ambamo bakteria huila, au hupulizwa hewa inayoikamata na kuipeleka kwenye chujio jingine.

Hapa ndipo tofauti kuu ya aina hizi inapoonekana. Aina nne za kwanza hushughulika na matone. Ni hatua hii ya tano tu, tena kwa sehemu yake, inayoshughulika na kemikali zilizoyeyuka. Gereji nyingi huwa na chemba za kutuliza pekee; kiwanda kikubwa kinachoendeshwa vizuri huziunganisha hatua tatu au nne kwa mfuatano.

Sabuni, adui asiyeonekana

Katika karakana na sehemu za kuoshea magari, kinachokiangusha kitenganishi mara nyingi si ubovu wa kifaa bali ni sabuni. Mfanyakazi humwaga dawa ya kuondoa grisi, huosha injini kwa maji ya shinikizo kubwa, na sakafu hung'aa. Kwa macho, mafuta yameondoka. Kwa kweli yamebadilika kutoka sura ya kwanza kwenda sura ya tatu, na yanapita katika chemba zote kama tui linavyopita katika kichujio. Maji yanayotoka huwa na weupe wa maziwa, na pengine harufu ya kupendeza.

Shirika la Kimataifa la Bahari lililitambua tatizo hilo kwa upande wa meli. Mkataba wa MARPOL, ulioanza kutumika tarehe 2 Oktoba 1983, huzitaka meli zisimwage maji ya ngama yenye mafuta zaidi ya sehemu 15 kwa milioni. Kwa vifaa vinavyofungwa tangu mwaka 2005, kitenganishi cha meli lazima kijaribiwe pia kwa emulsheni, kwa sababu ngama ya leo imejaa sabuni za kusafishia mitambo. Nchi kavu, somo ni lilelile: maji yenye sabuni yatengewe njia yake, au itumike sabuni inayoachia mafuta haraka, na shinikizo la maji lipunguzwe.

Nambari mbili zisizopima kitu kimoja

Mhudumu wa afya anaweza kuoneshwa cheti kinachosema kwamba maji ya kiwanda yana mafuta chini ya sehemu 15 kwa milioni, yaani takriban miligramu 15 kwa lita, na akaulizwa kama kisima cha jirani kina usalama. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango elekezi cha benzini katika maji ya kunywa kuwa miligramu 0.01 kwa lita. Nambari ya kwanza ni kubwa mara 1,500 kuliko ya pili. Zaidi ya hayo, nambari hizo hazipimi kitu kimoja: ya kwanza hupima jumla ya mafuta, na baadhi ya njia za kuipima hupoteza kemikali nyepesi kabla ya kusoma matokeo, ya pili hupima kemikali moja mahususi. Cheti cha mafuta yaliyotenganishwa si cheti cha maji ya kunywa. Kiliwekwa kwa ajili ya kulinda bahari na mifereji, na kinafaa kwa kazi hiyo tu.

Hatari kwa anayelisafisha shimo

Kitenganishi kisichoondolewa mafuta na tope huacha kuwa kitenganishi. Kiwango cha Ulaya hushauri kikaguliwe angalau kila miezi 6, na kisafishwe tope linapofika nusu ya nafasi yake au mafuta yanapofika asilimia 80. Kisiposafishwa, mvua kubwa ya masika huja na kusukuma nje kwa saa moja mafuta yaliyokusanywa kwa mwaka mzima.

Lakini kazi ya kukisafisha ina hatari inayoua kwa dakika chache. Tope lililokaa bila hewa hulea bakteria wanaotengeneza gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya mayai yaliyooza. Kiwango chake kikifika karibu sehemu 100 kwa milioni hewani, pua hupoteza uwezo wa kuinusa. Anayedhani kwamba harufu imekwisha huwa yuko katika hatari kubwa zaidi. Kikizidi sehemu 500 kwa milioni, mtu huweza kuanguka ghafla, na kikikaribia 1,000 kifo huja mara moja. Kuchokoroa tope huachia gesi iliyokuwa imefungwa humo, hivyo shimo lililoonekana salama asubuhi huweza kubadilika katikati ya kazi. Pamoja na gesi hiyo huwapo mvuke wa petroli unaoweza kulipuka, na upungufu wa oksijeni.

Msiba wa kawaida katika mashimo ya namna hii haumchukui mtu mmoja. Wa kwanza huanguka, mwenzake huruka kumwokoa, naye huanguka juu yake. Kwa hiyo kanuni ni hizi: shimo lisafishwe kwa bomba la kunyonya kutoka juu kila inapowezekana; asishuke mtu kabla hewa haijapimwa; anayeshuka afungwe mkanda wenye kamba inayoshikwa na mtu wa juu; na mwenzake akianguka, walio juu wavute kamba na kuita msaada, wala wasishuke bila mtungi wa hewa. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi yoyote kati ya hizo.

Hatari nyingine ni ya polepole. Mwaka 1922 madaktari wa Manchester, Uingereza, walichapisha taarifa za saratani ya ngozi ya korodani kwa wasokotaji wa pamba ambao nguo zao zililowa mafuta ya mashine kwa miaka mingi. Mafuta ya madini yasiyosafishwa vya kutosha yanatambuliwa leo kuwa yanasababisha saratani kwa binadamu, na mafuta machakavu ya injini hubeba kemikali za kundi hilohilo. Benzini nayo husababisha saratani ya damu na huudhuru uboho wa mifupa.

Mwongozo kwa mhudumu wa afya

Mgonjwa anapotaja kazi yake kuwa ni fundi, muosha magari, mhudumu wa kituo cha mafuta, baharia wa chumba cha mitambo au kibarua wa mitaro, maswali yafuatayo hufungua mengi: Je, husafisha chemba za mafuta, na mara ngapi? Hushuka ndani? Hunawa mikono kwa petroli au mafuta ya taa? Hurudi nyumbani na nguo zilizolowa? Maji ya kunywa ya kaya yanatoka wapi, na yana harufu?

Dalili za kutafuta ni hizi. Kwenye ngozi: ukavu na mipasuko ya mikono, chunusi nyeusi kwenye mikono na mapaja pale nguo zilizolowa zinaposugua, na vidonda visivyopona, hata sehemu za siri ambazo mgonjwa hataji asipoulizwa. Kwenye damu: uchovu, weupe wa viganja, fizi kutoka damu, michubuko isiyo na sababu na maambukizi ya mara kwa mara. Mgonjwa wa namna hii afanyiwe kipimo cha picha kamili ya damu, na seli zilizopungua zisihusishwe na malaria au lishe pekee kabla ya historia ya kazi kuandikwa katika faili.

Aliyemeza petroli au mafuta ya taa asitapishwe, wala asinyweshwe maziwa ili atapike. Hatari kuu ni mafuta kuingia mapafuni wakati wa kutapika na kusababisha nimonia kali. Afikishwe kituoni na upumuaji wake ufuatiliwe. Aliyelowa avuliwe nguo na aoshwe kwa maji na sabuni ya kawaida.

Mwongozo kwa mgonjwa na kaya

Kisima chenye harufu ya petroli kisitumike kwa kunywa, kupikia wala kuoga maji ya moto. Kuchemsha maji hayo si tiba: benzini hutoka na mvuke na kuingia katika hewa ya jiko, ilhali mafuta mazito hubaki sufuriani. Dawa ya klorini huua vijidudu, haiondoi petroli. Shabu hutuliza tope, haiondoi kilichoyeyuka. Kutokuwapo kwa harufu nako si uthibitisho, kwa sababu benzini huweza kuzidi kiwango cha usalama kabla pua haijaigundua.

Taarifa itolewe kwa afisa afya na mamlaka ya maji ya eneo husika. Sampuli ya kupimwa benzini huchukuliwa katika chupa ya kioo iliyojazwa pomoni bila kubakiza hewa juu, hufungwa mara moja na kuwekwa penye baridi. Sampuli iliyochukuliwa kwa chupa ya plastiki iliyojaa nusu huweza kuonesha kisima kibaya kuwa kizuri.

Hitimisho

Tangi la kutuliza hukamata matone makubwa. Mabamba hukamata ya kati. Viputo na mzunguko hukamata madogo. Utando hukamata emulsheni. Na mkaa, bakteria au hewa hushughulikia kilichoyeyuka. Hakuna hata kimoja kati ya vifaa hivi kilicho kibaya kikifanya kazi iliyo yake, na hakuna kilicho salama kikipewa kazi isiyo yake. Kwa hiyo, panapotajwa kitenganishi, swali la afya lisiishie katika kuwapo kwake. Liulizwe ni cha aina gani, kinapokea sabuni gani, kilisafishwa lini, na ni nani aliyeshuka kukisafisha.